Kuuliza Kabla ya Kujenga: Utafiti wa Sampuli katika Mipango ya Utalii Vijijini

1. Utangulizi

Mara nyingi mpango wa utalii huanza na ramani. Mtaalamu huweka alama penye magofu, penye ufuko mweupe na penye kina cha maji kinachofaa kwa vyombo. Kisha huchora barabara, gati na nyumba za wageni. Ramani hiyo yaweza kuwa sahihi kabisa kwa vipimo vyake, na bado ikakosa mambo yaliyo muhimu kuliko yote: njia wapitayo wanawake kwenda kuchokoa pweza maji yanapokupwa, kisima kinachotegemewa na vitongoji viwili, au pwani wanapoanika dagaa. Mambo hayo hayaonekani katika picha iliyopigwa kutoka angani. Njia ya kuyajua ni kuwauliza watu wanaoishi hapo, na kuwauliza kwa utaratibu.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza walimu na wanafunzi wa shule za sekondari utaratibu huo, yaani utafiti wa sampuli, na jinsi unavyoweza kusaidia kupanga utalii katika jamii ambazo barabara, maji, umeme na matibabu havijazifikia vya kutosha. Mifano mingi tutaitoa Kilwa, katika Mkoa wa Lindi. Kilwa Kisiwani ulikuwa mji mkubwa wa biashara ya dhahabu na pembe za ndovu. Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331. Magofu yake pamoja na yale ya Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zikibomoka na bahari ilikuwa ikila ufuko. Baada ya kazi kubwa ya ukarabati yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Hata hivyo, lazima ifahamike kwamba Kilwa Kisiwani si magofu matupu. Ni kijiji chenye wakulima, wavuvi, akina mama wa ukili na watoto wa shule. Mpango wowote wa kuleta wageni pale ni mpango juu ya maisha yao.

2. Takwimu za mgeni na takwimu za mwenyeji

Nchi yetu haikosi takwimu za utalii. Tangu mwaka 2001 umekuwa ukifanyika utafiti wa watalii wanaoondoka nchini, kwa ushirikiano wa Wizara ya Maliasili na Utalii, Benki Kuu ya Tanzania, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Idara ya Uhamiaji na Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar. Mtalii huulizwa katika kituo cha kutokea, kama vile uwanja wa ndege: ametoka nchi gani, amekaa siku ngapi, ametumia fedha kiasi gani, amependezwa na nini. Majibu hayo yana manufaa makubwa, maana bila hayo Taifa lisingeweza kukadiria fedha za kigeni zinazotokana na utalii.

Lakini anayeulizwa hapo ni mgeni anayeondoka. Mwenyeji anayebaki hayumo. Takwimu hizo haziwezi kutueleza kama mvuvi wa Songo Mnara ameuza samaki wengi zaidi au amezuiwa kuegesha ngalawa yake mahali alipozoea.

Swali hili si geni nchini. Mwaka 1970 ulizuka mjadala mkali magazetini, ulioanzishwa na vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuhusu nafasi ya utalii katika maendeleo ya kijamaa. Mjadala huo ulikusanywa na Issa Shivji na kuchapishwa kitabu mwaka 1973. Wako waliosema kwamba utalii huleta fedha za kigeni zinazohitajika, na wako waliosema kwamba huzidisha utegemezi na kudhalilisha utu. Hoja za pande zote zilikuwa nzito. Hata hivyo, ukitaka kujua utalii umefanya nini katika kijiji fulani, kwa kaya zipi, hoja peke yake hazitoshi. Hapana budi upime.

3. Sampuli ni nini?

Mpishi akitaka kujua kama mchuzi umekolea chumvi hanywi sufuria nzima. Huukoroga vizuri, akachota kijiko kimoja akaonja. Kijiko hicho ni sampuli. Tuangalie neno moja katika mfano huu: huukoroga. Mpishi akichota juu bila kukoroga, hata akichota bakuli zima, ataonja mafuta yaliyoelea tu. Ukubwa wa kijiko si jambo la kwanza. La kwanza ni kuhakikisha kwamba kila sehemu ya mchuzi ina nafasi sawa ya kuingia kijikoni.

Historia imetuachia fundisho juu ya jambo hili. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilipeleka kadi milioni 10 hivi kuuliza watu watamchagua nani kuwa Rais, na likapokea majibu zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Landon angeshinda. Aliyeshinda ni Roosevelt, kwa kura zipatazo asilimia 61. Majina ya walioulizwa yalitolewa zaidi katika orodha za wenye simu na wenye magari, watu waliokuwa na nafuu katika miaka ile ya dhiki. Tena wengi waliopelekewa kadi hawakujibu. George Gallup, aliyetumia sampuli ndogo mno kulinganisha na hiyo lakini iliyochaguliwa kwa uangalifu, alimtabiri mshindi. Majibu milioni 2 yaliyotoka upande mmoja hayakuweza kushindana na majibu machache zaidi yaliyotoka pande zote.

Je, kijijini tuulize kaya ngapi? Ziko kanuni kadhaa. Iliyo rahisi kwa wanafunzi ni ile iliyoenezwa na Taro Yamane katika kitabu chake cha takwimu cha mwaka 1967:

n = N ÷ (1 + N × e × e)

Hapa N ni idadi ya kaya zote, n ni idadi ya kaya za kuulizwa, na e ni kosa tunalokubali kulivumilia. Tukikubali kosa la asilimia 10, yaani e = 0.1, tunapata hesabu hii:

Kaya zote 40: sampuli 29
Kaya zote 400: sampuli 80
Kaya zote 4,000: sampuli 98
Kaya zote 40,000: sampuli 100

Mwanafunzi aitazame vizuri hesabu hii. Kaya zimeongezeka mara mia, kutoka 400 hadi 40,000, lakini sampuli imeongezeka kwa 20 tu. Kwa hiyo kijiji kidogo hakipimwi kwa gharama ndogo kama wengi wanavyodhani. Cha kaya 40 chahitaji kuulizwa karibu robo tatu ya kaya zake. Hapa ndipo penye sababu moja ya vijiji vidogo vya mbali kusahauliwa katika utafiti. Kwa mtafiti mwenye fedha kidogo, ni rahisi kuuliza watu 100 mjini wakawakilisha maelfu kuliko kuvuka bahari kwenda kuuliza kaya 29 zinazowakilisha 40.

4. Nani aulizwe, na lini?

Tuseme kijiji chetu cha mfano kina kaya 400 na tumeamua kuuliza 80. Hatua ya kwanza ni kupata orodha ya kaya zote. Mtendaji wa Kijiji huwa na daftari la wakazi, lakini daftari laweza kuwa la miaka iliyopita. Yafaa kulihakiki pamoja na wenyeviti wa vitongoji, kaya kwa kaya: nani amehama, nani amejenga, mjane gani ameandikwa chini ya jina la shemeji yake ingawa ana jiko lake mwenyewe. Kaya isiyo katika orodha haitaulizwa kamwe, hata tukipiga kura kwa haki namna gani.

Orodha ikikamilika, tunagawanya 400 kwa 80 na kupata 5. Tunapiga kura kuchagua namba moja kati ya 1 na 5. Ikitoka 3, tutauliza kaya ya 3, ya 8, ya 13, na kuendelea hivyo mpaka ya 398. Mtafiti haruhusiwi kuiruka kaya kwa kuwa nyumba iko mbali au mbwa ni mkali, wala kuiongeza kwa kuwa mwenyeji ni mcheshi.

Ndani ya kaya nako kuna swali: aulizwe nani? Mazoea ni kumwuliza mkuu wa kaya, na mara nyingi huyo ni mwanamume. Lakini mume anayevua nje ya mwamba na mke anayechokoa pweza mwambani hawautumii ufuko kwa namna moja, na pengine hawakubaliani juu yake. Mwaka 1949 Leslie Kish alionyesha njia ya kumchagua kwa bahati nasibu mtu mzima mmoja katika kila kaya. Njia nyepesi kwa shule ni kuandika majina ya watu wazima wote wa kaya katika vikaratasi na kuokota kimoja.

Jambo la tatu ni wakati, na hili vitabu vingi tulivyosomea ng'ambo havikulieleza, kwa kuwa vilitungwa kwa watu wanaorudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni na kulipwa mwisho wa mwezi. Pwani yetu huenda kwa mwezi mwandamo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hukupwa mbali sana, na watu wengi huwa mwambani. Mtafiti atakayebisha hodi wakati huo atawakuta wazee, wagonjwa na wenye maduka. Aidha, kuna majira ambayo wavuvi huenda dago, wakaishi kambini katika visiwa vingine kwa wiki kadhaa. Utafiti uliofanywa siku nne za bamvua, katika majira ya dago, utatoa majibu ya kijiji kisicho na wavuvi, nao utaandikwa kuwa ni majibu ya kijiji cha wavuvi.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Katika utafiti maneno haya ni kweli tupu: asiyekuwapo katika sampuli, haja yake haimo katika mpango. Kwa hiyo mtafiti apange safari yake kwa kalenda ya maji, atumie siku za maji mafu, na kaya aliyoikosa airudie mara ya pili na ya tatu kabla ya kuandika kwamba haikupatikana.

5. Kutunga maswali

Swali baya huharibu sampuli nzuri. Tuangalie makosa manne yanayotokea mara kwa mara.

(a) Swali linaloongoza. "Je, unakubali kwamba utalii utaleta maendeleo kijijini?" Mwenye kuulizwa ameshaonyeshwa jibu. Yafaa kuuliza: "Wageni wakiongezeka hapa kijijini, unatazamia mabadiliko gani?" na kuandika maneno yake kama alivyoyasema.

(b) Swali lenye maswali mawili. "Je, barabara na maji yanatosheleza?" Anayeridhika na maji lakini haridhiki na barabara ajibu nini? Yatenganishwe.

(c) Neno lenye maana nyingi. Neno "mgeni" kwa mtu wa pwani laweza kuwa mtalii, afisa wa wilaya, au shangazi kutoka Kilwa Kivinje. Neno "faida" kwa mfanyabiashara ni kilichobaki baada ya kutoa gharama. Kwa mwingine ni manufaa ya aina yoyote, hata kupata mahali pa kumfundishia mtoto lugha. Maana ielezwe kabla ya kuuliza.

(d) Swali lisilolingana na maisha. "Unapata shilingi ngapi kwa mwezi?" Mchokoa pweza hana mshahara wa mwezi. Ana bamvua nzuri na bamvua mbaya. Aulizwe: "Katika bamvua iliyopita ulikwenda mwambani siku ngapi? Ulipata kilo ngapi? Uliuza kwa bei gani?" Majibu hayo matatu yanaweza kuhesabiwa, na kumbukumbu yake ni ya karibu.

Kuna pia jambo lisilo la lugha bali la adabu. Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti naye ni mgeni. Hupewa kigoda, hupewa dafu, na aghalabu hupewa jibu analodhaniwa kulipenda. Akishuka kutoka gari la Halmashauri pamoja na afisa wa utalii, majibu ya "ndiyo, twautaka" yatakuwa mengi. Akidhaniwa kuwa mtu wa kodi, vyombo na nazi vitapungua ghafla. Dawa yake ni kutangulia kujieleza katika mkutano, kuuliza bila kiongozi kusimama karibu, na kuwatumia wadadisi waliofunzwa vizuri, wanawake na wanaume, wanaojua lahaja ya mahali lakini hawana maslahi katika jambo linaloulizwa.

6. Kusoma majibu

Tuseme sasa, kwa mfano wa darasani, kwamba katika kijiji chetu cha kaya 400 tumeuliza kama sehemu fulani ya ufuko itengwe kwa nyumba ya wageni. Kati ya kaya 80, kaya 48 zimekubali. Hiyo ni asilimia 60. Je, tuandike kwamba wanakijiji wameafiki?

Tusiharakishe. Kwanza, tulikubali kosa la asilimia 10. Kwa hiyo kiasi cha kweli chaweza kuwa popote kati ya asilimia 50 na 70. Pili, tuyagawanye majibu kwa shughuli ya kaya. Tuchukulie kwamba kaya 100 kijijini ni za wenye maduka na vyombo vya kuvushia watu, na 300 ni za wavuvi na wachokoa pweza. Na katika sampuli wamo 20 wa kundi la kwanza na 60 wa kundi la pili:

Wenye maduka na vyombo: waliokubali 18 kati ya 20 (asilimia 90)
Wavuvi na wachokoa pweza: waliokubali 30 kati ya 60 (asilimia 50)
Jumla: waliokubali 48 kati ya 80 (asilimia 60)

Sasa sura imebadilika. Kundi linalotazamia kuuza limekubali karibu lote. Kundi linaloishi kwa ufuko wenyewe limegawanyika nusu kwa nusu. Ni kweli kwamba kundi dogo lina kosa kubwa: kwa kanuni ileile, kaya 20 kati ya 100 zina kosa la asilimia 20, na kaya 60 kati ya 300 zina kosa la asilimia 11.5 hivi. Lakini hata tukiyajumlisha makosa hayo mawili tunapata 31.5, hali tofauti ya makundi ni 40. Tofauti hiyo haielekei kuwa ya bahati.

Tatu, tusome sababu. Tuseme kati ya kaya 30 za wavuvi zilizokataa, 22 zimesema kwamba nyumba hiyo itafunga njia ya kwenda mwambani. Hawakuukataa utalii, wameikataa ramani. Nyumba ikisogezwa mita mia mbili na njia ikaachwa wazi kwa maandishi, huenda ubishi ukaisha. Hili ndilo tunda la utafiti wa sampuli. Utafiti si kura ya kuwashinda walio wachache, bali ni chombo cha kuonyesha nani anaumia, wapi, na kwa nini, kabla saruji haijamwagwa.

7. Matokeo yarudi kijijini

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji una sauti katika ugawaji wake. Kwa hiyo matokeo hayana budi kusomwa katika mkutano huo, kwa Kiswahili kinachoeleweka, pamoja na kiasi cha kosa. Ripoti inayokaa katika kabati la ofisi mjini imewatumia wanakijiji bila kuwatumikia.

Wakati huohuo siri za watu zilindwe. Katika kaya 80, kumtaja "mjane mwenye duka karibu na msikiti" ni sawa na kumtaja jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mwenye kukusanya taarifa za watu azitumie kwa lengo alilolieleza na azihifadhi kwa usalama. Orodha ya majina na karatasi za majibu ziwekwe mbali mbali, na aliyeulizwa awe na haki ya kukataa.

Tena utafiti mmoja hautoshi. Mwaka 1975 George Doxey alieleza kwamba hisia za wenyeji kwa watalii huweza kupita hatua nne: furaha ya mwanzo, kisha mazoea, kisha udhia, na mwisho uhasama. Si kila mahali pamefuata njia hiyo, na katika kijiji kimoja watu wa hatua zote nne wanaweza kuishi jirani. Lakini tukiuliza maswali yaleyale kila baada ya miaka miwili au mitatu, tutauona udhia ukianza ungali mdogo.

Kazi hii haihitaji mitambo ya thamani. Yahitaji orodha sahihi, hesabu ya kugawanya, maswali yaliyopimwa, miguu ya kwenda hadi nyumba ya mwisho, na uaminifu wa kuandika jibu lililotolewa, si lililotarajiwa. Vitu hivi vinaweza kupatikana katika shule yoyote ya sekondari nchini.

8. Mazoezi

(i) Kijiji kina kaya 250. Kwa kosa la asilimia 10, tafuta idadi ya kaya za kuulizwa. Rudia kwa kosa la asilimia 5, kisha eleza kwa nini kupunguza kosa kwa nusu kumeongeza kazi kwa zaidi ya mara mbili.

(ii) Mtafiti amekaa gatini Kilwa Masoko na kuwauliza watu 100 wa kwanza wanaoshuka kutoka Kisiwani. Taja makundi matatu ya wakazi ambao hatawapata, na ueleze sababu ya kila moja.

(iii) Sahihisha swali hili: "Je, huoni kwamba watalii wanaharibu mila na kupandisha bei?"

(iv) Kwa msaada wa mwalimu wako na idhini ya uongozi wa kitongoji, andika orodha ya kaya za kitongoji kilicho karibu na shule, chagua sampuli, na uulize swali moja tu: wageni wakija hapa, ni mahali gani pasiguswe? Chora majibu katika ramani, kisha uipeleke ramani hiyo kwa wale waliokujibu ili waisahihishe.